Mtoto ana TB, nyumba nzima yageuka mahakama

Mzazi akiambiwa mwanawe wa miaka mitatu ana kifua kikuu, swali la kwanza mara nyingi si la dawa. Ni hili: "Kaambukizwa na nani?" Sisi madaktari wa watoto nasi tunaliuliza, maana mtoto mdogo kwa kawaida huipata TB kwa mtu mzima anayekohoa karibu naye: baba, bibi, dada wa kazi, mpangaji wa chumba cha pili. Shida ni kwamba swali hilo likifika nyumbani linageuka kesi.

Na anayehukumiwa kwanza ni asiye na mtetezi. Nimeona dada wa kazi akirudishwa kwao kabla hata hajapimwa makohozi. Sijui uamuzi mbaya kuliko huo. Kama kweli ni yeye, kaondoka na ugonjwa bila dawa. Kama si yeye, mwenye nao bado yupo nyumbani, na jioni ndiye anayempakata mtoto. Ushauri wangu huwa mmoja: njooni nyote mpimwe, baba mwenye nyumba akiwa wa kwanza, ili asiwepo wa kunyooshewa kidole.

Baada ya kesi huja kikombe. Mtoto anatengewa chake, na sahani yake, na binamu zake wanakatazwa kucheza naye. TB huenea kwa hewa, haikai kwenye kijiko. Tena mtoto wa chini ya miaka mitano ni nadra kuambukiza wengine, kwa kuwa vimelea kifuani mwake huwa vichache na kikohozi chake hakina nguvu. (Hata makohozi yake ni taabu kuyapata, siku hizi tunaweza kupima choo chake.) Kijana mkubwa anayekohoa ni habari nyingine.

Dawa ni bure, lakini nauli si bure, wala kibarua cha mama kilichokatika. Zamani alisaga vidonge vya watu wazima na kukisia kipimo. Sasa vipo vya watoto, vinayeyuka majini na vina ladha ya matunda. Kenya ilianza kuvitumia nchi nzima mwaka 2016. Mkojo ukiwa wa rangi ya machungwa, msiogope, ni dawa hiyo.

Dozi ya kawaida ni miezi 6. Utafiti uliofanyika Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India ulionyesha kwamba kwa mtoto ambaye TB yake si kali, miezi 4 inatosha, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linaikubali. Kwa familia, miezi miwili ya nauli si kitu kidogo. Ila wa kuikata ni daktari, si baba aliyeona mtoto kanenepa na anakimbia uani.

Wanaosahaulika ni wadogo zake. Nikisema wapewe dawa ya kinga, naulizwa: "Huyu mzima, dawa ya nini?" Kwa sababu mtoto wa umri huo akishaambukizwa, ugonjwa unaweza kulipuka haraka, wakati mwingine hadi kwenye utando wa ubongo. Chanjo ya BCG aliyopewa alipozaliwa inapunguza hatari hiyo, haiiondoi. Kwa hiyo siku ya kliniki msimlete mgonjwa peke yake.