Je, Wajua Kwa Nini Msitu wa Katuni za Wanasesere Hauna Jani Bichi?

Chukua kipindi chochote cha watoto cha wanasesere waishio msituni: mbweha, kalunguyeye, fuko, bundi mwenye maneno mengi. Achana kidogo na wahusika, tazama nyuma yao. Miti imesimama, chini kuna kuvumwani na uyoga, vichaka vimefunga. Sasa ujue kwamba karibu kila unachokiona hapo ni karatasi, kitambaa, waya, sifongo na rangi. Si kwamba studio zimekosa majani. Kukata tawi nje ni kazi ya dakika moja, ilhali tawi lenye majani 200 ya karatasi linaweza kumla fundi siku nzima. Wanachagua njia ndefu kwa sababu jani bichi lina kasoro moja isiyovumilika: liko hai.

Katuni hizi, ambazo wenye fani huziita stopumosheni, hupigwa picha moja moja. Mhuishaji humsogeza mwanasesere kidogo, huondoa mikono, hupiga picha, kisha humsogeza tena. Kwa mfumo wa televisheni wa fremu 25 kwa sekunde (fremu ni nafasi moja ya picha kwenye skrini), vipindi vingi vya watoto hutumia kila picha kwa fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja hula picha 12 au 13. Kipindi cha dakika 11 ni sekunde 660, na hizo ni fremu 16,500, au picha 8,250. Mhuishaji mzoefu wa televisheni akitoa sekunde 8 kwa siku ya saa 8 hajakaa bure. Kwa mwendo huo angemaliza kipindi kimoja baada ya siku 82 na nusu, ndiyo maana studio huwa na seti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kila moja na mhuishaji wake na nakala yake ya mbweha yule yule.

Rudi kwenye hesabu hiyo: saa 8 zinazaa sekunde 8. Saa moja studioni ni sekunde moja kwenye skrini. Muda umebanwa mara 3,600. Tawi bichi lililokatwa asubuhi na kuwekwa chini ya taa huinama sentimita mbili hadi jioni, na wewe uliyekaa karibu nalo huoni kitu. Mtazamaji ataona tawi likiinama sentimita mbili ndani ya sekunde 8, kama linalosinzia, huku mbweha na rafiki yake wakizungumza. Ua hufunguka au kujifumba. Kuvumwani kibichi hukauka, hubadilika rangi na kusinyaa. Mtoto ataacha kumsikiliza mbweha ageukie kichaka, na atakuwa na haki.

Tatizo hili la viumbe hai lina umri karibu sawa na ufundi wenyewe. Mwaka 1910 Władysław Starewicz, mtafiti wa wadudu na mpiga filamu aliyekuwa Kaunas, Lithuania, alitaka kurekodi mbawakawa wawili wenye pembe wakipigana. Wadudu hao hupigana usiku, na taa zikiwashwa walikuwa wakitulia tu. Akachukua mbawakawa waliokufa, akawafungia miguu ya waya kwa nta, akawapigisha vita picha kwa picha. Baadaye alihamia Ufaransa, akatengeneza filamu ndefu nzima ya wanasesere kuhusu mbweha mjanja na wanyama wenzake, ikatoka mwaka 1937. Vipindi vya marafiki wa msituni vilivyokuja baadaye, kuanzia fuko na panya wa mtoni waliotengenezwa na studio ya Cosgrove Hall ya Manchester miaka ya 1980 hadi Fig, mbweha wa bluu wa kipindi cha Tumble Leaf ambacho mfululizo wake ulianza Amazon mwaka 2014, vimepita njia hiyo hiyo.

Msitu bandia basi unatengenezwaje? Jani zuri huwa na tabaka mbili za karatasi nyembamba zilizogundishwa, katikati yake waya mwembamba wa nusu milimita unaotokeza kama kikonyo. Waya huo unaliwezesha jani kukunjwa na kubaki lilivyokunjwa. Karatasi tupu haifai: hunywa unyevu wa hewa na kujikunja taa zikizimwa, kisha hunyooka zikiwashwa. Kwa hiyo hupakwa vanishi pande zote mbili, na vanishi yenyewe iwe isiyong'aa, maana jani linalong'aa hubeba taswira ya kila kinachopita mbele yake, akiwemo mhuishaji. Wahuishaji wengi huvaa nguo nyeusi kwa sababu hiyo. Shati jeupe hurudisha mwanga kwenye seti, na ukisimama hatua moja kushoto kuliko ulivyosimama kwenye picha iliyopita, mti mzima hubadilika rangi.

Ardhi ya msitu inadanganya zaidi ya miti. Inaonekana laini na yenye takataka, ila ni ngumu kama meza. Unga wa mbao uliotiwa rangi hunyunyizwa juu ya gundi nyeupe, kisha hurashiwa gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukaachwa ukauke kabisa. Ukiacha chembe zisizoshikwa, kila mkono unaopita utazisogeza, na kwenye skrini ardhi itatokota kama uji chini ya miguu ya sungura.

Chini ya hiyo takataka ndiko siri ya kutembea ilipo. Mwanasesere wa sentimita 25 mwenye kichwa kikubwa, kama wanyama wa katuni wengi, hawezi kusimama kwa mguu mmoja, na kutembea ni kusimama kwa mguu mmoja nusu ya muda wote. Kwa hiyo kila unyayo huwa na nati ndani yake. Sakafu hutobolewa, skrubu ya milimita 3 ikapitishwa kutoka chini ya meza na kukazwa kwenye unyayo. Hatua ikiisha, skrubu inafunguliwa, mguu unanyanyuliwa, tundu linazibwa kwa kipande cha ardhi ile ile. Njia nyingine ni sakafu ya bati la chuma lenye matundu na sumaku kali chini yake. Sumaku ni ya haraka, lakini ukiiondoa kizembe mguu huvutwa nayo ukateleza, na kazi ya asubuhi yote ikaenda na huo mguu. Kwa hatua ya kawaida ya nusu sekunde una picha sita tu za kuutoa mguu nyuma na kuufikisha mbele, huku mwili ukipanda na kushuka. Ukisahau kuupandisha, mbweha atatembea kama anayeteleza kwenye barafu.

Ndani ya mwili kuna kiunzi. Studio zenye uwezo hutumia viungo vya chuma, gololi iliyobanwa kati ya vibati viwili vyenye kikombe, na skrubu ya kurekebisha ugumu wake. Kiungo kikiwa legevu, mkono ulioinuliwa hushuka taratibu kwa uzito wake; kwa macho huoni, kamera inaona. Kikiwa kigumu mno, ukisukuma kiwiko bega nalo linakuja. Kanuni ya mafundi ni kwamba viungo vya chini vinavyobeba mwili, vifundo vya miguu na nyonga, vikazwe zaidi, vya shingo na viganja vilegezwe.

Wasio na viungo vya gololi hutumia waya wa alumini, nyuzi mbili au tatu za milimita 1.5 zilizosokotwa kwa drili. Mifupa hutengenezwa kwa kuufunika waya na lipu ya epoksi, ukiachwa wazi sehemu za viungo pekee. Hapo wanaoanza hukosea: huacha uwazi mfupi sana, waya ukawa unakunjika mahali pale pale kila mara, na metali inayokunjwa hivyo huchoka na kukatika. Vifundo vya miguu hutangulia kukatika, halafu viganja. Ndiyo maana viganja hutengenezwa vya kuchomeka kwenye kijibomba cha shaba, kikivunjika unachomeka kingine. Waya pia hurudi nyuma kidogo ukiuachia, kwa hivyo mhuishaji huukunja kupita anapotaka, kisha huurudisha.

Ngozi huwa ya povu la mpira linaloiva kwenye oveni, au silikoni. Silikoni inayogandishwa kwa platinamu hudumu na hushika rangi ya ndani vizuri, ila ina chuki na salfa. Ukichonga kinyago kwa udongo wa mafuta wenye salfa, silikoni inayogusana nao haitaganda. Itabaki utelezi wa kunata milele, na huna dawa zaidi ya kuikwangua na kuanza upya kwa udongo usio na salfa.

Manyoya nayo ni jani bichi la aina nyingine. Hayajisogezi yenyewe, lakini kila kidole kinachomgusa mbweha kinayalaza upande mpya. Picha 12 kwa sekunde, mlazo mpya 12 kwa sekunde, na manyoya yanaonekana kuchemka. Nyani mkubwa wa filamu ya King Kong ya mwaka 1933 alivikwa ngozi ya sungura, na ukimtazama vizuri unaona manyoya yake yakisisimka bila upepo: hizo ni alama za vidole vya mhuishaji. Kwenye vipindi vya watoto dawa huwa moja kati ya tatu. Mnyama avalishwe nguo, kizibao na suruali, ibaki sehemu ndogo ya manyoya (sasa unajua kwa nini wanyama wa katuni wanapenda vizibao). Au atumiwe manyoya mafupi sana, au kitambaa cha kufanana nayo. Au yapakwe jeli ya nywele yasimame yalivyo, na mhuishaji ashike mahali pale pale kila mara, mgongoni, upande usioonekana na kamera. Kalunguyeye ana nafuu: miiba migumu iliyopachikwa kwenye silikoni haina pa kulala.

Midomo ya kubadilishwa ina mtego kama huo. Sauti za waigizaji hurekodiwa kwanza, kila herufi ikaandikwa kwenye karatasi kando ya namba ya fremu yake, kisha mhuishaji hubandika mdomo unaofaa: wa A, wa O, wa kufumbwa. Vipande kumi hivi vinatosha. Irabu zinasamehe, lakini neno kama "babu" likitamkwa bila midomo kukutana hata mtoto wa miaka mitatu analiona kosa. Kipande kisipokaa pale pale pa mwanzo, hata nusu milimita ikipotea, mdomo utatetemeka usoni. Ndiyo maana huchongewa kitundu na kijiti cha kukiongoza, au sumaku ndogo mbili; moja huruhusu kipande kuzunguka.

Baada ya yote hayo, picha bado inaweza kupepesa, na hapo mkosaji ni mwanga au kamera. Kamera lazima iwekwe yote kwa mkono: fokasi, mwanga, mizani ya rangi. Ukiiachia ijiamulie, itaamua upya kila picha. Taa inayotumia umeme wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde) hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/200 ya sekunde unanasa kipande tu cha wimbi, leo kilele, kesho bonde. Piga kwa robo sekunde, mawimbi 25 yataingia pamoja na picha zote zitalingana. Kuna na kosa linalowachanganya wengi: lenzi za kisasa huacha tundu la kupitishia mwanga wazi, hulifunga pale tu unapopiga, na halifungi sawasawa kila mara. Tofauti ni ndogo kabisa, lakini picha zikifuatana inageuka kumetameta. Lenzi ya zamani yenye pete ya kuzungusha kwa mkono haina ugonjwa huo.

Usiku ni adui wa peke yake. Taa zikizimwa chumba hupoa, mbao hunywea, stendi ya kamera hushuka kwa unywele. Tukio lililoachwa katikati jioni huonyesha mruko mdogo pale picha ya asubuhi inapoanza, hata kama hakuna aliyegusa kitu. Programu kama Dragonframe humwonyesha mhuishaji picha iliyopita kwa uwazi juu ya ile ya sasa, akarudisha vitu mahali pake kwa kulinganisha, lakini wengi huona heri kuchelewa kurudi nyumbani kuliko kuacha mbweha ameinua mguu.

Je, hadithi ikitaka upepo? Feni haisaidii, kwa sababu itayakuta majani mahali tofauti kila picha, na msitu utatetemeka badala ya kuyumba. Mhuishaji huchagua majani matano au sita yaliyo karibu na kamera na kuyasukuma kwa koleo ndogo: milimita moja, mbili, tatu, tena mbili, moja, kisha kurudi. Kila jani huanza picha moja au mbili baada ya jirani yake, ili upepo uonekane unapita kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Majani mengine mamia kwa mamia hayaguswi, na hakuna mtazamaji anayeyahesabu.