Mionzi ya eksirei haibaki mwilini

Mwanafunzi wa radiografia anayeanza mafunzo ya vitendo hapa Tanga hatakosa kukutana na imani kwamba mama aliyepigwa picha ya eksirei asimnyonyeshe mtoto siku hiyo, au anywe maziwa mengi ili kuondoa mionzi. Imani hiyo haina msingi.

Mionzi hiyo, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, huzalishwa kwa umeme ndani ya mrija wa mashine kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mara umeme unapokatwa hutoweka kama mwanga wa taa iliyozimwa, bila kuyafanya maziwa, nguo wala ngozi ya mgonjwa kuwa chanzo cha mionzi. Picha moja ya kifua kwa kawaida hutoa dozi isiyozidi takriban milisiveti 0.1 (milisiveti ni kipimo cha dozi ya mionzi), ilhali mionzi ya asili humfikia binadamu kwa wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka.

Hata hivyo, imani hii isidharauliwe mbele ya mgonjwa, kwa kuwa mtu anayetibiwa tezi ya shingo kwa iodini yenye mionzi hubaki nayo mwilini kwa muda, na huyo kweli huzuiwa kunyonyesha. Kwa eksirei, jibu ni fupi: “Mama, ukishavaa unaweza kumnyonyesha.” Swali linalostahili uangalifu zaidi ni la ujauzito, nalo huulizwa kabla ya picha, faraghani, si kwenye benchi mbele ya wakwe.