Asidi na nanochembe za wanga: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Aliyewahi kuchuja muhogo uliokunwa na kuacha maji yake katika beseni usiku kucha anajua kwamba asubuhi hukuta wanga umetuama chini, mweupe, umeshikana hata ukwanguliwe kwa kijiko. Hata hivyo wengi huamini kwamba punje hizo za wanga zikipunguzwa kwa asidi hadi kuwa nanochembe, yaani chembe za vipimo vya nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), zitaelea majini daima kwa kuwa tu ni ndogo. Udogo husaidia, lakini nanochembe zisizo na cha kuzitenganisha huvutana, hufanya mabonge, na mabonge hayo hutuama kama wanga wa beseni.

Kinachozitenganisha ni hali ya uso wake, na hapa ndipo dhana kwamba asidi zote ni sawa inapopotosha zaidi. Asidi ya hidrokloriki hukata minyororo ya glukosi na kuuacha uso wa chembe karibu bila chaji yoyote ya umeme. Asidi ya salfuriki hukata vilevile, ila baadhi ya salfeti zake hujifunga kwenye vikundi vya haidroksili (jozi za oksijeni na hidrojeni) vilivyo juu ya chembe na kuupa uso huo chaji hasi, hivyo chembe zikikaribiana husukumana. Ukiiweka mezani mirija miwili ya maji yenye chembe hizo, wa salfuriki hubaki na ukungu wa maziwa kwa muda mrefu zaidi, ilhali ule wa hidrokloriki huanza mapema kujitenga, maji juu na tope chini. Hata hivyo salfeti hizo si kinga kamili: chumvi nyingi, au asidi iliyobaki kwa kuoshwa vibaya, huifunika chaji na mabonge hurudi.

Si kweli pia kwamba asidi huila punje yote kwa usawa. Hupenya kwanza sehemu legevu, zisizopangika, na kwa sababu hiyo kazi huenda kwa kasi mwanzoni kisha hupungua inapokutana na fuwele, yaani sehemu zilizopangika kwa utaratibu. Tangu mwaka 1874 mtaalamu wa mimea Nägeli alikwisha kueleza mabaki sugu ya wanga uliolowekwa katika asidi.

Wanaodhani kuwa siku nyingi zaidi huleta chembe bora wasisahau mavuno. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa waliutibu wanga wa mahindi wenye amilopektini (molekuli ya wanga yenye matawi) karibu tupu kwa asidi ya salfuriki ya moli 3.16 kwa lita, katika nyuzi 40 za Selsiasi, na baada ya siku 5 walibaki na takribani asilimia 15 tu ya wanga huo.

Asidi haizipi fuwele hizo ustahimilivu wa joto. Zikichemshwa majini hupoteza mpangilio wake na kuwa uji. Zikikaushwa, hushikana kwa vifungo vya hidrojeni, na kuzitawanya tena ni kazi ngumu.