Alkali si "kali": damu ya mtu anayepumua kupita kiasi

Juzi msibani nilimsikia tena mtu akieleza kwa uhakika kwamba damu ya binti mfiwa, aliyekuwa akihema mfululizo, "imekuwa kali, imejaa tindikali". Ukweli ni kinyume chake.

Kupumua kupita kiasi ni kutoa kabonidayoksaidi haraka kuliko mwili unavyoitengeneza. Gesi hiyo ikiyeyuka katika damu hufanya asidi ya kaboni; basi ikipungua, asidi nayo hupungua, na pH ya damu (kipimo ambacho hupanda asidi ikipungua), ambayo kwa kawaida hukaa kati ya 7.35 na 7.45, hupanda. Hiyo ndiyo alkalosisi ya upumuaji, yaani damu kuegemea alkali, kinyume cha asidi.

Naamini kosa hili linazaliwa na neno lenyewe. Sikio la Mswahili husikia "kali" mwishoni mwa tindikali na mwishoni mwa alkali, likayadhania kuwa ndugu. Lakini alkali ni neno la Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea iotayo kwenye ardhi ya chumvi, na ukali wa ndimu haumo ndani yake hata kidogo. Jamaa yake jikoni kwetu ni magadi, yale tunayotia katika maharage ili yaive upesi. Damu ya binti yule ilikuwa imesogea upande wa magadi.

Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, vimenyooka na kukutana kwenye ncha, dole gumba limeingia kiganjani, naye akilalamika kwamba midomo imekufa ganzi. Watu walipiga kelele apewe hewa, ilhali oksijeni hakuikosa: damu ikiegemea alkali, kalsiamu nyingi zaidi hushikwa na albumini, protini ya damu, ile iliyo huru hupungua, na mishipa ya fahamu husisimka ovyo.

Wala si kila anayehema amepita kiasi. Mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imejaa asidi za ketoni huvuta pumzi nzito za haraka, zile alizozieleza daktari Mjerumani Adolf Kussmaul mwaka 1874, kwa kuwa mapafu yake yanapambana kupunguza asidi. Huyo ndiye mwenye tindikali hasa, na kumpumulisha ndani ya mfuko wa karatasi, ili avute tena kabonidayoksaidi yake, ni kumfungia njia ya kujiokoa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa pale msibani, neno ulilolihitaji lilikuwa alkali, na hata hilo lingengoja kwanza tujue binti anahemea nini.