Mteja Anapomwomba Mthibitishaji wa Nyaraka Jambo Lisilofaa

Mara nyingi ombi lisilofaa halitoki kwa tapeli, bali kwa mtu mwema aliyebanwa na muda. Mume anafika na hati ya rehani ambayo mkewe amekwisha kuitia saini nyumbani, na anapoelezwa kwamba mke lazima afike mwenyewe, anapiga simu ya video na kukuelekezea kioo ili umwone. Sura ni ya mkewe, na huenda hata saini ni yake. Hata hivyo, muhuri haugongwi, kwa sababu cheti kilicho chini ya hati kinasema kwamba amefika mbele ya mthibitishaji, naye hakufika. Zipo nchi zinazoruhusu uthibitishaji kwa video, lakini sheria za huko huweka mfumo maalumu wa kumtambua mtu na kuhifadhi kumbukumbu. Simu iliyoinuliwa juu ya meza si mfumo huo.

Wengi hudhani kwamba muhuri unathibitisha ukweli wa yaliyoandikwa, ilhali kwa kawaida unashuhudia tu ni nani aliyetia saini au kula kiapo, lini, na wapi. Hata apostili, yaani cheti kilichowekwa na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 ili hati za umma zitambuliwe katika nchi nyingine, huthibitisha saini, wadhifa wa aliyesaini na muhuri, wala haigusi maudhui. Ushuhuda huo mwembamba ukitiwa uongo, hati haibaki na kitu.

Ombi linalowatega hata wenye uzoefu ni la kurudisha tarehe nyuma. Mteja hueleza kwamba makubaliano yalifanyika mwezi uliopita, na pengine asemayo ni kweli. Dawa yake ipo: wahusika wanaweza kuandika ndani ya mkataba kwamba, kadiri sheria inavyoruhusu, unaanza kutumika tangu siku ile, lakini tarehe ya uthibitisho ibaki ya leo. Hati yenye nafasi tupu irudishwe ijazwe kwanza, nakala isithibitishwe bila asili yake kuonekana, na hati ambayo mthibitishaji ana maslahi nayo ipelekwe kwa mwenzake.

Shinikizo ndilo gumu zaidi kuligundua, kwa kuwa vitambulisho huwa kamili. Mama mzee ameketi, na kila anapoulizwa swali mwanawe analijibu. Hapo mwombe kijana asubiri nje, kisha usimuulize mama kama anakubali, maana atasema ndiyo. Mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe hati hiyo inafanya nini na nyumba itakuwa ya nani. Asipoweza kueleza, uthibitisho usimame hapo.

Kukataa nako kuna adabu yake. Sababu itajwe waziwazi, bila kumtuhumu mteja, na aonyeshwe njia halali: mke aende kwa mthibitishaji aliye karibu naye, au mthibitishaji amfuate mgonjwa hospitalini pale sheria inaporuhusu. Mteja akiongeza malipo ili ukubali, ada ya kawaida nayo isipokelewe. Kisha, kabla mteja mwingine hajaingia, andika katika daftari tarehe, aina ya hati, kilichoombwa na sababu ya kukataa, kwa sababu hati hiyohiyo huweza kuibuka baadaye ikiwa na muhuri unaofanana na wako.