Je, wajua malkia wa sisimizi wakata-majani hubeba shamba lake kinywani?

Mchukue malkia mmoja, umweke peke yake ndani ya kisanduku kisafi chenye sakafu ya plasta iliyoloweshwa maji. Usimpe jani wala tone la asali. Kifunike, umwache gizani. Siku ya tatu ukichungulia utaona kitu cheupe kama kipamba kimelala karibu na miguu yake, na juu yake mayai matatu hadi sita. Kipamba kile ni kuvu iliyo hai, na hukuiweka wewe. Imetoka wapi?

Sisimizi hawa, jamii ya Atta, hawapo Afrika. Kwao ni Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina. Zamani watu waliwaona wakipita na vipande vya majani kichwani kama miavuli, wakadhani wanakwenda kuvila. Mwaka 1874 Thomas Belt, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu Nicaragua, aliandika kwamba majani yale huoteshewa kuvu, na kuvu ndiyo chakula. Alfred Möller akalithibitisha hilo huko Brazil mwaka 1893. Miaka mitano baadaye, Brazil hiyohiyo, Hermann von Ihering akagundua ile siri ya kipamba: ndani ya kinywa cha malkia kuna kifuko kidogo, na kabla ya kuruka kwenda kuolewa hubeba humo kidonge cha kuvu kutoka shamba la mama yake.

Sisi tuliozoea kumbikumbi tunaweza kulinganisha. Mchwa wetu wa vichuguu nao hulima kuvu, lakini kwa aina nyingi wale wenye mabawa wanaotoka mvua zikinyesha hawabebi mbegu yoyote. Watoto wao wa kwanza ndio huenda kuitafuta nje, kwenye vumbi la uyoga unaoota juu ya vichuguu. Malkia wa Atta hana nafasi ya kungoja hivyo. Kidonge kikimfia kinywani, mji wake umekufa kabla ya kuanza.

Tazama anavyokihudumia, maana hapa ndipo penye ajabu. Hunyofoa kishungi kidogo cha kuvu kwa taya, hukunja tumbo lake kuja mbele mpaka ncha ifike kinywani, kisha hukigusisha kwenye tone la kinyesi la rangi ya manjano iliyokolea. Halafu hukirudisha mahali pake na kukikandamiza taratibu kwa miguu ya mbele. Hufanya hivyo mara moja au mbili kwa saa, mchana na usiku, kwa wiki kadhaa. Hiyo ndiyo mbolea pekee iliyopo, kwa sababu jani hakuna.

Na yeye anakula nini? Kuvu haigusi. Misuli ya mabawa aliyokwisha kuyakata huyeyuka mwilini na kumlisha. Hula pia mayai yake mwenyewe, takriban 9 kati ya kila 10 anayotaga, na mengine huwapa mabuu. Mama huyu anajila ili shamba lisiliwe.

Ndiyo maana wanaowafuga husema kosa kubwa la mgeni ni huruma. Anafungua kifuniko kila asubuhi kuona maendeleo, anatikisa kisanduku, anawasha taa. Malkia akishtuka huweza kula mabuu yake au kuacha kuhudumia kuvu, nayo hunyauka na kuwa kahawia. Joto linalofaa ni kama nyuzi 25. Hewa iwe na unyevu mwingi, lakini matone ya maji yasidondokee kipamba. Kuvu ikifa na malkia bado ana nguvu, huweza kuwekewa kipande kutoka mji mwingine wenye afya, naye akakipokea.

Porini hakuna wa kumwekea. Kati ya miji mipya 13,300 ya Atta capiguara, aina mojawapo ya sisimizi hawa, iliyofuatiliwa Brazil, 12 tu ilikuwa hai baada ya miezi mitatu.

Wafanyakazi wa kwanza hutoka baada ya siku 40 hadi 60, wadogo mno. Baada ya wiki hivi huanza kukata majani, na malkia huachiwa kazi ya kutaga tu, kazi atakayoifanya kwa zaidi ya miaka 10. Hapo mfugaji aanze na majani laini ya mwaridi, yasiyopuliziwa dawa. Dawa ya kuua kuvu huenda isimdhuru sisimizi, lakini italiua shamba. Watafiti waliwapa majani yaliyotiwa dawa kama hiyo: siku ya kwanza waliyapokea na kuyabeba, saa kadhaa baadaye wakaanza kuyakataa, kisha wakaendelea kukataa majani ya mmea uleule kwa wiki nyingi, hata yalipoletwa yakiwa safi kabisa. Namna fulani shamba lilikuwa limewapa habari.

Jambo moja sanduku haliwezi kulitoa ni harusi. Malkia hupandwa na madume kadhaa angani, siku moja tu maishani, na mbegu za kiume za siku hiyo huzitunza mwilini hadi kufa kwake. Kwa hiyo malkia wanaouzwa huwa wameokotwa ardhini baada ya kuruka. Biashara ya namna hiyo imefika kwetu: mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kukutwa na maelfu ya malkia wa sisimizi, wengi wao wa aina ya Messor cephalotes, wakusanyao mbegu za nyasi. Wale walikuwa ndani ya vijichupa na mabomba ya sindano yenye pamba, kila malkia na mji wake wote tumboni.