Washairi wa Zama za Kati walijali majina yao

Wengi tumefundishwa kwamba washairi wa Ulaya ya Zama za Kati hawakujali nani katunga nini. Sivyo. Majina mengi yamepotea, ni kweli, lakini katika karne ya 12 Marie de France, mshairi aliyetunga kwa Kifaransa, alifunga kitabu chake cha ngano kwa kutaja jina lake, akihofia wasomi wenzake wasije wakajitwalia jasho lake. Huyo hakuwa mtu asiyejali hata kidogo. Naye Chaucer, mshairi wa Uingereza wa karne ya 14, alimtungia mnakili wake Adam shairi zima la kumlaumu kwa kumharibia maneno.

Tofauti na siku zetu ilikuwa katika mamlaka. Neno la Kilatini auctor halikumaanisha mtunzi yeyote tu, bali mwandishi ambaye maneno yake yameaminiwa tangu kale, kama Virgil, mshairi wa Roma ya kale. Aliye hai hakujipachika cheo hicho kirahisi. Ndiyo maana Chaucer, aliposimulia mapenzi ya Troilus, mwana wa mfalme wa Troy, alidai anamfuata mwandishi wa kale aitwaye Lollius, ilhali kisa alikitoa kwa Boccaccio, mwandishi wa Italia aliyefariki mwaka 1375 tu, na hakumtaja popote. Leo tungeuita wizi. Kwa wasomaji wake, kisa cha mkongwe ndicho kilichokuwa na uzito, na ufundi wa mshairi ulionekana katika kukisimulia upya.